Mwanafunzi Mgeni Katika Mji wa Kerugoya

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Kerugoya hupita Thika, Makutano, Sagana na Kagio, akafika Kutus, na kutoka hapo barabara huanza kupanda polepole mpaka mjini. Nchi ya chini, upande wa Wang'uru, ni tambarare ya Mwea yenye mashamba ya mpunga yanyweshwayo kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Nchi ya juu, karibu na msitu, ni mashamba ya chai. Kati ya chai na mpunga pana ukanda wa kahawa na migomba, nao mji wa Kerugoya umekaa humo, ubavuni mwa mlima. Siku ikikucha pasipo mawingu, vilele vya Kirinyaga huonekana vizuri juu ya mabati ya maduka: Batian wenye mita 5,199, na Nelion ulio jirani yake. Jua likipanda kidogo, wingu huja likavifunika, na watu huendelea na shughuli zao kana kwamba mlima haupo.

Mji wenyewe si mkubwa. Una hospitali kuu ya kaunti, mahakama, shule za sekondari za wavulana na za wasichana, shule ya watoto viziwi, makanisa, benki, soko na kituo cha matatu ambacho hakinyamazi tangu alfajiri mpaka usiku. Kwa miaka mingi wageni wa Kerugoya walikuwa wa aina tatu: mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa, mfanyabiashara wa kahawa au ndizi, na mtu aliyekuja kumwuguza jamaa yake hospitalini. Lakini chuo cha Kutus, kilicho kilomita chache tu kutoka hapa, kilipopata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kirinyaga mwaka 2016, ilianza kuonekana aina ya nne, yaani kijana wa mbali ajaye kukaa miaka mitatu au minne kwa ajili ya masomo. Wengi wao hutoka sehemu nyingine za Kenya. Wachache hutoka nje ya mipaka yetu, na hao ndio nitakaowaeleza katika makala haya.

Mtu aweza kuuliza, kuna jambo gani la kuandika juu ya mwanafunzi aliyepanga chumba? Liko jambo. Mwanafunzi wa namna hiyo hufundishwa darasani na walimu wake, lakini hakuna mwalimu wa kumfundisha mtaa. Akishindwa na masomo, chuo kitajua. Akishindwa na mtaa, hapana ajuaye, ila yeye mwenyewe usiku akiwa amefunga mlango.

KUTAFUTA CHUMBA

Nitatoa mfano wa binti mmoja wa sehemu za Moshi, nchini Tanzania, aliyekuja kusoma Kutus na akakaa katika mtaa wetu. Alipitia Namanga, ambako tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili huwahudumia wasafiri katika kituo kimoja cha pamoja, akalala Nairobi, na siku ya pili akafika Kutus na sanduku moja na godoro lililokunjwa. Vyumba vilivyo karibu na chuo vilikuwa vimekwisha kujaa, kama ilivyo desturi mwanzoni mwa muhula. Basi akapanda matatu mpaka Kerugoya, akaulizia, akapata chumba kimoja katika ploti yenye milango kumi na miwili inayotazamana, na bomba moja la maji katikati ya ua.

Yafaa mgeni ajue desturi za ploti kabla hajatoa fedha. Kodi hulipwa mwanzoni mwa mwezi, tena mpangaji hutakiwa kuweka amana ya mwezi mmoja, ambayo hurudishwa siku ya kuhama ikiwa kuta na vioo ni vizima. Umeme katika ploti nyingi hununuliwa kwa tokeni kwa njia ya simu. Maji ya bomba huja na kwenda, na kwa sababu hiyo kila mpangaji mwenye akili huwa na mitungi miwili au mitatu ya lita ishirini, akaijaza mapema. Mwangalizi wa ploti ndiye mtu wa kwanza wa kujuana naye, kwa kuwa ndiye aliye na ufunguo wa lango, na ndiye ajuaye ni siku gani maji yatakosekana. Aidha mgeni asiache kudai stakabadhi kwa kila shilingi aitoayo. Mgeni asiyejua bei hutajiwa bei ya mgeni, na hiyo si tabia ya Kerugoya peke yake, bali ni ya dunia nzima. Dawa yake ni kumwuliza mpangaji wa mlango wa pili kabla ya kumwuliza mwenye nyumba.

Jambo lililomsumbua binti huyo katika juma la kwanza lilikuwa hesabu ya fedha. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, na kila alipotajiwa bei alizidisha kichwani, akashtuka, akairudisha bidhaa. Wazee wanakumbuka wakati ambapo hesabu hiyo haikuhitajika, maana Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake yenyewe.

CHAKULA NA BARIDI

Kwa upande wa chakula hakupata taabu kubwa. Mtu wa Kilimanjaro na mtu wa Kirinyaga ni watoto wa milima miwili inayofanana. Wote wawili wamekua chini ya migomba, wote wamechuma kahawa nyekundu na kuipeleka kiwandani, na wote wanajua chama cha ushirika ni nini na magomvi yake ni yapi. Kule kwao hupika kiburu, yaani ndizi na maharage katika chungu kimoja. Hapa kwetu kuna githeri, mahindi na maharagwe katika sufuria moja, na mukimo wa viazi, mahindi na majani mabichi. Magimbi ya kwao huitwa nduma hapa, viazi huitwa waru, choroko huitwa ndengu, na karanga huitwa njugu. Hata gari alilopanda kila asubuhi kwenda Kutus aliliita daladala kwa muda wa mwezi mzima, na aliyemtoza nauli alimwita konda, ambapo watu wa hapa husema matatu na makanga. Abiria walicheka, lakini walimwelewa.

Baridi nayo aliizoea. Mgeni wa Kerugoya yampasa ajue kwamba mwaka hapa una nyakati nne. Mvua ndefu za Machi mpaka Mei huitwa mvua ya njahĩ, kwa jina la maharagwe meusi yapandwayo wakati huo. Mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba huitwa mvua ya mwere, yaani uwele. Kati ya Juni na Agosti ni gathano, wakati wa ukungu na manyunyu, ambapo jua laweza kukosekana kwa siku kadhaa na nguo zilizofuliwa Jumatatu hazijakauka Alhamisi. Anayekuja wakati huo na shuka moja atajuta. Kisha kuna miezi ya jua kali ya Januari na Februari, ambapo vumbi jekundu huingia mpaka katika kurasa za vitabu.

Basi, mlima, ndizi, kahawa na baridi, vyote vilikuwa kama vya kwao. Ugeni wake haukutoka huko. Ulitoka katika maneno.

SHIKAMOO NA NAOMBA

Siku ya pili baada ya kufika alikutana na mzee mmoja langoni, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akajibu, "Mzuri sana, na wewe?" Binti akanyamaza kwa fadhaa. Kwao salamu hiyo ina jibu moja tu, nalo ni marahaba, na mtu mzima asiyelitoa huhesabiwa kuwa amemkataa mtoto. Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Katika sehemu zetu shikamoo husikika zaidi redioni na katika vitabu vya shule kuliko njiani. Heshima ya hapa hutolewa kwa njia nyingine: kwa kushikana mikono, kwa kumwita bibi kizee cũcũ na babu guka, na kwa kuuliza habari za nyumbani pasipo haraka.

Siku ya tatu alikwenda kwa mama mmoja auzaye ndizi kando ya njia, akasema kwa adabu yote ya kwao, "Mama, naomba ndizi tatu." Yule mama akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni, akaona kitabu mkononi na uso uliochoka. Akachagua ndizi tatu nzuri, akampa. Binti alipotoa fedha, mama alikataa.

"Si umesema unaomba? Basi nimekupa. Kula, mwanangu, ukasome."

"Lakini mama, mimi nanunua!"

"Kama unanunua, mbona unaomba?"

Ilibidi kijana mmoja wa pikipiki, aliyewahi kufika Arusha, aeleze kwamba katika Tanzania anayenunua husema naomba, maana neno nipe kwao ni kama amri, na mtu hawezi kumwamuru mama aliyelingana na mzazi wake. Katika Kenya anayesema naomba huaminiwa kuwa hana fedha. Wote wakacheka sana. Mama akapokea fedha za ndizi tatu, akaongeza ya nne kwa heshima ya mgeni. Tangu siku hiyo binti alikuwa na mtu mmoja mjini Kerugoya aliyemjua kwa uso, na mama huyo alikuwa akimwita mwarĩ wakwa, maana yake binti yangu.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa kina somo. Watu wawili wenye lugha moja waliweza kukosana kwa neno moja la heshima. Kama hakuna mtu wa kueleza, mmoja angeondoka akifikiri ya kuwa watu wa hapa hawajui adabu, na mwingine angefikiri kwamba wanafunzi wa Tanzania ni ombaomba. Ugomvi mwingi wa mataifa huanza hivyo hivyo.

LUGHA YA UANI

Hata hivyo Kiswahili, kwa tofauti zake zote, hakikuwa taabu yake. Taabu yake ilikuwa ukosefu wa Kiswahili. Jioni, wapangaji warudipo kazini, wanawake huketi uani wakichambua mboga, na wanaume husimama karibu na bomba. Mazungumzo huwa ya Kigikuyu, kwa lafudhi ya Kindia au ya Kigichugu. Binti alikaribishwa kuketi, akapewa kigoda na chai ya maziwa. Aliulizwa kwa Kiswahili, "Masomo yanaendeleaje?" naye akajibu, "Yanaendelea vizuri." Kisha mazungumzo yakarudi katika Kigikuyu, na kicheko kikatokea, naye hakujua kilichochekwa. Mtu akicheka kando yako nawe hujui sababu, moyo wako utakuambia kwamba ni wewe uchekwaye, hata kama wanamcheka kuku.

Hakuna aliyekusudia kumtenga. Mtu hurudi katika lugha ya mama yake jioni kama arudivyo katika viatu vyake vya zamani. Lakini miezi mitatu ya jambo hilo ilimlemea. Alianza kupika mapema na kufunga mlango. Chumbani aliongea na ndugu zake kwa simu mpaka usiku, mwili ukiwa Kerugoya na roho ikiwa Moshi. Hatimaye alimwandikia mama yake kwamba anataka kurudi nyumbani, na kwamba atatafuta chuo cha kwao hata ikiwa ni kuanza upya. Karo ilikuwa imekwisha kulipwa, nayo ilitoka katika kuuza ng'ombe wawili.

Na ajabu yenyewe ni kwamba lugha iliyomfungia nje haikuwa mbali naye kama alivyodhani. Kigikuyu, Kichaga na Kiswahili ni ndugu. Mgeni kwa Kigikuyu ni mũgeni. Nyumba ni nyũmba, mti ni mũtĩ, njia ni njĩra, mvua ni mbura, kuku ni ngũkũ, mbuzi ni mbũri. Mtu ni mũndũ, na kwa bibi yake binti huyo kule Kilimanjaro mtu ni mndu. Mwenye sikio la kusikiliza aweza kukusanya maneno mia kabla ya mwezi kwisha. Linalotakiwa ni mtu wa kumwambia kwamba mlango uko hapo, na yeye mwenyewe kuusukuma.

MATANGA

Mlango ulifunguka kwa njia isiyotazamiwa. Bibi kizee wa mlango wa saba alifiwa na mwanawe ghafula. Kama ilivyo desturi yetu, majirani walikusanyika kila jioni kuomba, kupanga safari ya mazishi na kuandika michango. Mikutano iliendeshwa kwa Kigikuyu. Hapana aliyekwenda kugonga mlango wa binti, kwa maana ilifikiriwa kuwa mwanafunzi hana fedha, tena ni mgeni, na haya ni mambo ya wenyewe.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Kule kwao msiba haukaribishi mtu, mtu huuendea. Jioni ya pili alitoka, akamshika mkono bibi kizee, akamwambia pole kwa Kiswahili, kisha akaenda penye sufuria, akakunja mikono ya sweta akaanza kuosha vyombo. Akachota maji mitungi sita. Akachemsha chai ya watu arobaini. Alifanya hivyo kwa siku nne, akirudi chuoni mchana na kushika sufuria jioni, na alikuwa hajui hata neno moja la sala zilizoombwa.

Jioni ya nne mzee aliyekuwa mwenyekiti wa matanga alisimama kutoa hesabu. Alianza kwa Kigikuyu, kisha akasita, akatazama upande wa jikoni. "Leo tuseme Kiswahili," akasema. "Huyu mtoto ametoa jasho lake hapa. Si haki aondoke bila kusikia kazi yake imefika wapi." Basi hesabu ikasomwa kwa Kiswahili, na maombi ya mwisho yakafanywa kwa lugha zote mbili. Bibi kizee alipopita kuwashukuru watu alimwita binti kwa jina lake. Mpaka siku hiyo ploti nzima ilikuwa ikimwita Mtanzania.

Mama yake alipata barua nyingine. Binti hakurudi nyumbani.

WATU WETU NAO WALIKUWA WAGENI

Wako watakaosema kwamba mgeni ndiye apaswaye kujifunza desturi za mwenyeji, na mwenyeji hana deni. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Lakini watu wa milima hii wasisahau ya kuwa watoto wao nao walikuwa wageni katika miji ya wengine, na wengi bado ni wageni huko hata leo.

Marehemu Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, alisoma Makerere mjini Kampala katika miaka ya 1950, kisha akaenda London. Marehemu Julius Nyerere wa Tanganyika alikuwa ameingia Makerere hiyo hiyo mwaka 1943. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi, iliyopangwa na Tom Mboya na rafiki zake, iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani. Mwaka uliofuata alikwenda msichana wa Ihithe, Nyeri, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai, na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alisoma katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, katika chuo cha watawa. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 alisimulia jinsi walivyokuwa safarini kwa basi kwenda huko, wakaingia mkahawani kunywa soda, wakaambiwa kwamba watu weusi hawawezi kuketi ndani. Alisimulia pia wema wa watawa na wa wanafunzi wenzake. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita, naye alikuwa hajasahau mkahawa wala wema. Mgeni huweka kumbukumbu ndefu kuliko mwenyeji.

Tena kulikuwa na wakati ambapo mwanafunzi wa Tanzania katika Kenya hakuhesabiwa kuwa mgeni sana. Tangu mwaka 1963 mpaka 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Hasa katika miaka ya mwanzo, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Baadaye tuliachana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo mwananchi wa nchi mwanachama ana haki ya kuingia na kusoma katika nchi nyingine. Serikali zimefungua lango la Namanga. Haziwezi kufungua mlango wa ploti, maana ufunguo wake hauko serikalini.

Wazee wa Kerugoya wanajua kuliko sisi maana ya kuishi karibu na watu usiowachagua. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika mashamba yao yaliyotawanyika, na kuanzia mwaka 1954 ikawasongamanisha katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Nyumba zilijengwa kwa safu, mlango ukitazama mlango, mtu na jirani asiyejua siri zake. Mambo mengi machungu yalitendeka humo. Lakini waliovumilia huko husema kwamba aliyepona ni yule aliyekuwa na jirani wa kumpa moto na chumvi. Ploti za leo hazina handaki, na mtu huingia kwa hiari yake, lakini haja ya moto na chumvi haijaondoka.

MASHAURI MACHACHE

Kwa kijana ajaye kusoma katika sehemu hizi, nashauri haya. Kwanza, amalize mambo ya karatasi mapema. Pasi ya mwanafunzi huombwa katika Idara ya Uhamiaji, na barua ya chuo na pasipoti viwe mkononi kabla ya muhula kupamba moto. Kazi yangu ya ukarani hunikutanisha na watu wanaokimbizana na hati siku ya mwisho, na ni taabu isiyo na faida. Pili, ajifunze salamu katika juma la kwanza. Akisema "Wĩ mwega?" naye akaweza kujibu "Nĩ kwega," nusu ya mtaa itakuwa yake hata kama hajui la tatu. Tatu, achague mahali pamoja pa kununua mboga na pamoja pa kunywa chai, asirukeruke, ili ajulikane. Anayejulikana hupata mkopo wa nyanya siku fedha zikichelewa, na huulizwa hali yake asipoonekana. Nne, asijifungie na simu. Simu humpelekea mtu sauti ya nyumbani, lakini haimchotei maji akiugua. Tano, msiba ukitokea, asingoje kuitwa.

Kwa wenyeji nina neno moja tu, nalo halina gharama. Palipo na mtu mmoja asiyejua Kigikuyu, tuseme Kiswahili. Hatusemi kwamba lugha ya mama itupwe. Lugha hiyo ni urithi, na watoto wetu wafundishwe vizuri nyumbani. Lakini katika mkutano wa ploti, katika kamati ya maji, dukani na kanisani palipo na wageni, lugha ya wote ipewe nafasi. Makanisa kadhaa yameliona jambo hilo na yana ibada mbili Jumapili, moja ya Kigikuyu na moja ya Kiswahili au Kiingereza. Linaloweza kufanyika madhabahuni lawezekana pia penye bomba la maji. Na mtu akisikia mgeni anasema naomba, asicheke kwanza, aulize kwanza.

Wazee wetu husema mũgeni nĩ rũũĩ, mgeni ni mto, maana yake hupita na kwenda zake. Ni kweli, wanafunzi hawa watapita. Baada ya miaka minne watarudi Moshi, Kampala au Juba, na watakuwa waganga, walimu, wahandisi na maofisa wa forodha. Siku moja mtoto wa Kerugoya atafika mbele ya meza ya mmoja wao akiwa na sanduku na godoro lililokunjwa, naye atakuwa ndiye mgeni. Jinsi atakavyopokelewa huko inaandaliwa sasa, jioni hii, katika ua wa ploti zetu.